Dola 500 milioni zilinunua timu ya hoki, lakini hazikununua jina

JINA jema hung'aa gizani, ndivyo walivyonena wahenga. Katika biashara ya michezo ya siku hizi jina jema lina kazi nyingine pia: huuza jezi, kofia, vikombe na tiketi. Ndiyo sababu wenye timu hulilinda kama mkulima alindavyo shamba lake. Hata hivyo, mipaka ya shamba huonekana kwa macho, ilhali mipaka ya jina haionekani. Je, jina la timu huwa mali ya nani, na mwenyewe humzuia vipi mwingine asilitumie?

Jibu mojawapo lililo wazi linapatikana katika mchezo ambao wengi wetu huutazama kwenye runinga tu. Mchezo huo ni hoki ya barafuni, yaani mpira wa magongo unaochezwa na watu waliovaa viatu vyenye makali ya chuma, wakifukuzana na kisahani kigumu cha mpira juu ya barafu. Timu yenyewe ni Vegas Golden Knights ya Las Vegas, Marekani, ambayo ilichukua takriban miaka miwili kulihalalisha jina lake.

Mnamo Juni 22, 2016 ligi ya NHL, inayozishirikisha timu za kulipwa za Marekani na Kanada, iliidhinisha kuanzishwa kwa timu mpya mjini humo. Ada ya kuingia ligini ilikuwa Dola 500 milioni za Marekani. Kwa fedha hizo mmiliki, mfanyabiashara Bill Foley, alipata nafasi katika ligi pamoja na haki ya kuteua wachezaji kutoka timu nyingine. Jina halikuwa miongoni mwa vitu alivyouziwa. Hilo alilazimika kulitafuta mwenyewe, kisha alitetee.

Safari ya kutafuta jina

Foley alihitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1967. Timu za chuo hicho huitwa Black Knights, na mmiliki huyo alitamani timu yake iwe na jina la aina hiyo, lenye kukumbusha mashujaa wa kale waliopigana wakiwa juu ya farasi na kuvaa mavazi ya chuma. Jina hilo hakuweza kulitumia.

Aidha, kulitumia neno 'Knights' peke yake kulikuwa na kikwazo. Katika mkoa wa Ontario, Kanada, kulikuwa tayari na timu ya hoki ya vijana iitwayo London Knights, yenye jina hilo tangu miaka ya 1960. Haki za alama za biashara hufuata mipaka ya nchi, na aliye na haki Kanada huenda asiwe nayo Marekani. Hata hivyo, timu za NHL huchezea na kuuza bidhaa zao katika nchi zote mbili, kwa hivyo jina lao hulazimika kuwa salama pande zote mbili za mpaka.

Hatimaye neno 'Golden', lenye maana ya dhahabu, liliongezwa. Liliafiki mazingira, kwa sababu jimbo la Nevada ndilo linaloongoza kwa uchimbaji wa dhahabu nchini Marekani. Novemba 22, 2016 jina na nembo vilizinduliwa mbele ya mashabiki nje ya ukumbi wa T-Mobile Arena, mahali ambapo timu ingechezea mechi zake za nyumbani.

Siku 15 baadaye, Desemba 7, Afisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani ilikataa ombi la kulisajili jina hilo.

Chuo kidogo dhidi ya timu kubwa

Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kuna mwingine aliyetangulia. College of Saint Rose, chuo kilichoanzishwa na watawa wa Kikatoliki mjini Albany, jimbo la New York, mwaka 1920, kilikuwa kimesajili alama yenye maneno 'Golden Knights' kwa ajili ya timu zake za michezo. Chuo hicho hakikuwa hata na timu ya hoki.

Msomaji anaweza kujiuliza jinsi chuo kidogo kinavyoweza kuizuia timu ya mamilioni ya Dola. Ili kulielewa jambo hili, ni muhimu kufahamu kwamba sheria kuu ya alama za biashara ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1946, haiulizi ni nani tajiri au maarufu zaidi. Inauliza juu ya mnunuzi: je, mtu wa kawaida akiiona alama hii, yumkini atadhani kuwa bidhaa au huduma imetoka kwa mwingine, au kuwa wawili hao wana uhusiano?

Katika kulijibu swali hilo, maafisa huangalia mambo mengi, ila mawili ndiyo hupewa uzito mkubwa. La kwanza ni jinsi alama mbili zinavyofanana kwa sura, kwa sauti na kwa maana. La pili ni jinsi bidhaa au huduma zinavyokaribiana. Kuongeza jina la mji mbele, kama vile 'Vegas', kwa kawaida hakuondoi mkanganyiko, kwa maana sehemu inayokumbukwa na watu inabaki ile ile. Na kwa kuwa vyuo huwa na timu za michezo mingi, maonyesho ya michezo ya chuo na yale ya timu ya kulipwa yanaweza kuhesabiwa kuwa huduma za jamii moja.

Hapa pana jambo ambalo huwapotosha wengi. Kukataliwa kwa usajili si amri ya kuacha kulitumia jina. Ni jibu la awali la afisa mmoja, na mwombaji hupewa muda wa kujitetea, ambao wakati huo ulikuwa miezi sita. Ndiyo maana timu ya Vegas iliendelea kuuza jezi na kujiandaa kwa msimu wake wa kwanza huku mawakili wakiandaa majibu.

Hoja yao ilikuwa kwamba wapenzi wa michezo wamezoea majina yanayofanana na hawachanganyikiwi nayo. Kuna Boston Bruins katika hoki, na kuna Bruins wa chuo kikuu cha UCLA. Kuna Carolina Hurricanes katika hoki, na kuna Hurricanes wa Chuo Kikuu cha Miami. Si hayo tu. Chuo Kikuu cha Clarkson, kilichoko jimbo lile lile la New York, nacho huita timu zake Golden Knights, na timu yake ya hoki ya barafuni ni ya ngazi ya juu kabisa katika michezo ya vyuo. Iwapo vyuo viwili vya jimbo moja viliweza kuishi na jina moja, ingekuwa vigumu kudai kwamba lina nafasi ya mtu mmoja tu.

Hatimaye kikwazo hicho kiliondoka, na ombi likachapishwa katika gazeti rasmi la afisi hiyo. Uchapishaji wa aina hii si desturi tupu. Ni tangazo kwa umma kwamba yeyote anayeona ataumia ajitokeze na pingamizi lake kabla alama haijasajiliwa.

Aliyejitokeza lilikuwa Jeshi la Marekani.

Jeshi laingia uwanjani

Januari 10, 2018, Jeshi liliwasilisha pingamizi mbele ya bodi inayosikiza kesi na rufaa za alama za biashara. Tangu mwaka 1959 Jeshi hilo limekuwa na kikosi maalumu cha miavuli kinachoruka kutoka angani kwa maonyesho na mashindano, na tangu 1962 kikosi hicho kimeitwa Golden Knights. Jeshi hukitumia kujitangaza na kuwavutia vijana wajiunge nalo. Lilidai kuwa mbali na jina, timu ya hoki ilikuwa imechukua pia rangi zinazofanana na za kikosi hicho, yaani nyeusi, dhahabu na nyeupe, na kwamba umma ungeweza kuamini kuwa pande hizo mbili zina uhusiano.

Wakati huo timu ilikuwa katikati ya msimu wake wa kwanza, na ilikuwa ikiwashinda wapinzani kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Miezi michache baadaye ilifika fainali ya Kombe la Stanley, ambako ilishindwa na Washington Capitals. Kadiri timu ilivyong'ara ndivyo jina lake lilivyozidi kuwa na thamani, na ndivyo hatari ya kulipoteza ilivyozidi kuwa kubwa.

Timu ilijibu kwamba pande hizo mbili zilikuwa zimelitumia jina hilo bila tatizo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kuwa haikuwahi kusikia hata mtu mmoja aliyefika uwanjani akitarajia kuwaona askari wa miavuli badala ya mechi ya hoki.

Julai 2018 pande hizo zilitangaza mapatano. Zilikubaliana kwamba kila mmoja aendelee kulitumia jina la Golden Knights, na Jeshi likaondoa pingamizi lake. Makubaliano ya namna hii ni ya kawaida katika fani hii. Wenye alama zinazofanana huafikiana nani atazitumia wapi na kwa bidhaa gani, kisha hushauriana iwapo utatokea mkanganyiko. Hupunguza gharama za kesi, na mara nyingi humfaa hata mlaji, kwa kuwa wanaoifahamu biashara yao zaidi ndio wanaokiri kwamba watu hawakanganyiki.

Haki hutokana na matumizi

Nchini Marekani haki ya alama huzaliwa pale alama inapotumiwa sokoni. Usajili huiimarisha tu. Humpa mwenyewe ushahidi wa umiliki, haki inayoenea nchi nzima, na uwezo wa kuomba forodha wazuie bidhaa bandia mipakani. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka herufi TM kando ya jina lake hata kabla ya kusajili, lakini alama ya herufi R ndani ya duara hairuhusiwi mpaka cheti kipatikane.

Vilevile, usajili haumpi mtu neno lote kwa matumizi yote. Bidhaa na huduma hugawanywa katika madaraja 45 yanayotambuliwa kimataifa. Mavazi yamo katika daraja la 25, na maonyesho ya michezo katika daraja la 41. Timu inayotaka kulinda jezi na mechi zake hulazimika kuomba katika yote mawili, na inaweza kukubaliwa katika moja na kupingwa katika jingine.

Usajili hudumu kwa miaka 10 na unaweza kuhuishwa tena na tena, ilmradi alama iendelee kutumiwa. Nchini Marekani, alama isiyotumiwa kwa miaka mitatu mfululizo huchukuliwa kuwa imetelekezwa, mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Kwa upande mwingine, alama inayotunzwa huweza kuishi kuliko timu yenyewe. Hartford Whalers waliondoka mjini Hartford mwaka 1997 na kugeuka Carolina Hurricanes. Hata hivyo, Desemba 2018 Hurricanes walirudi uwanjani wakiwa wamevaa jezi za kijani za Whalers, na kuziuza kwa mashabiki ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa timu hiyo ilipovunjwa.

Je, nembo ni bidhaa au ni utambulisho?

Swali zito zaidi kuhusu nembo za timu lilijibiwa katika kesi ya hoki. Kampuni moja ya Texas, Dallas Cap & Emblem, ilikuwa imeomba leseni ya kutengeneza nembo za timu za NHL zilizodariziwa kwa uzi. Iliponyimwa, ilizitengeneza hata hivyo na kuziuza katika maduka ya vifaa vya michezo ili wanunuzi wazishonee kwenye nguo zao. Ligi na timu zake zikaishtaki.

Kampuni ilijitetea kwamba haikumdanganya mtu yeyote. Mnunuzi alitaka nembo nzuri ya timu aipendayo, wala hakujali ni kiwanda gani kilichoidarizi. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano iliikataa hoja hiyo. Ilisema kuwa kampuni ilizinakili nembo hizo ikijua wazi kwamba umma ungezitambua kuwa ni za timu, na kwamba hilo lilitosha. Majaji wenyewe walikiri kuwa uamuzi huo huenda ukaielekeza sheria kidogo upande wa maslahi ya wafanyabiashara, mbali na lengo la kumlinda mlaji.

Uamuzi huo uliacha athari kubwa katika biashara ya leseni za nembo za michezo. Lakini haukukubaliwa na wote. Mwaka 1980 mahakama nyingine ya rufaa, ya Mzunguko wa Tisa, iliukataa mwelekeo huo ikisema kuwa mtu anaweza kununua nembo kwa sababu anaipenda tu, bila kudhani kwamba imetengenezwa au kuidhinishwa na mwenyewe.

Kanada nako mahakama zilionyesha kuwa nguvu za ligi zina kikomo. Mwaka 1990 kampuni ya Pepsi iliendesha shindano la kubashiri matokeo ya mechi za mchujo za NHL, ilhali mshirika rasmi wa ligi alikuwa Coca-Cola. Pepsi ilitaja majina ya miji bila kutaja majina ya timu, na ikaeleza kwamba haikuwa na uhusiano na ligi. NHL ilishtaki na kushindwa mwaka 1992, na rufaa yake ikatupiliwa mbali mwaka 1995. Mchezo wenyewe, miji na matokeo ni vya kila mtu. Kinacholindwa ni alama zinazomtambulisha mwenye timu.

Utah nako mambo yakajirudia

Miaka michache baada ya mapatano ya Las Vegas, timu nyingine ilipitia njia ile ile. Mwaka 2024 wachezaji na wafanyakazi wa Arizona Coyotes walihamishiwa Salt Lake City, na timu ikacheza msimu wake wa kwanza kwa jina la muda la Utah Hockey Club huku mashabiki wakipigia kura jina la kudumu. Jina lililopendwa na wengi lilikuwa Yeti. Januari 2025 afisi ya alama za biashara ilikataa ombi la 'Utah Yetis', kwa kuwa Yeti ni alama inayojulikana ya kampuni ya Texas inayouza vyombo vya kuhifadhi baridi, vikombe na mavazi. Mazungumzo na kampuni hiyo yalipogonga mwamba, jina hilo liliondolewa.

Mei 7, 2025 timu ilitangaza jina jipya, Utah Mammoth. Hapo tena palikuwa na aliyetangulia. Kampuni ndogo ya jimbo la Oregon, Mammoth Hockey, ilikuwa ikitengeneza mifuko ya kubebea vifaa vya hoki, na ikaitaka timu iache kulitumia jina hilo. Mnamo Agosti mwaka huo timu ilienda mahakamani kuomba itamkwe kwamba haikuvunja haki za kampuni hiyo.

Mvutano huu unatisha kwa namna yake. Kwa kawaida tunadhani hatari ni mdogo kumwigiza mkubwa. Lakini mkubwa naye anaweza kummeza mdogo. Timu ikishajitangaza kwa mamilioni, watu wanaweza kuanza kudhani kwamba fundi wa mifuko aliyetangulia kwa miaka ndiye mwigaji. Sheria ikimtazama mnunuzi, na siyo ukubwa wa mfuko, ndiyo kinga pekee aliyo nayo mdogo huyo.

Funzo kwa vilabu vya hapa nchini

Hoki ya barafuni si ngeni kabisa nchini Kenya. Timu ya Ice Lions ilikulia katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini funzo la Las Vegas linavihusu vilabu vya kila aina, hasa vya kandanda, ambavyo mashabiki wake hununua jezi barabarani bila klabu kupata hata ndururu.

Chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, maombi hupelekwa kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI). Yakikubaliwa huchapishwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kujitokeza. Usajili hudumu miaka 10, nao unaweza kufutwa iwapo alama haitatumiwa kwa miaka mitano. Asiyesajili hawezi kushtaki kwa kuvunjwa kwa alama yake, ingawa bado anaweza kumshtaki mtu anayeuza bidhaa kwa kujifanya yeye. Kuthibitisha dai kama hilo ni kazi ngumu na ghali zaidi.

Kwa hivyo, klabu inayoanzishwa haina budi kufanya mambo manne kabla ya kupaka rangi basi lake. Kwanza, itafute katika sajili na sokoni kama kuna aliyetangulia, hata akiwa mdogo na hata akiwa katika mchezo mwingine. Pili, iamue ni bidhaa na huduma zipi itakazolinda, katika nchi zipi. Tatu, iwasilishe ombi kabla ya sherehe ya uzinduzi. Nne, ikimkuta aliyetangulia, ikae naye chini mapema, kwa maana makubaliano huwa nafuu kabla jezi hazijachapishwa.

Vegas Golden Knights walitwaa Kombe la Stanley mwaka 2023. College of Saint Rose, chuo kilichowasimamisha kwa muda, kilifunga milango yake mwaka 2024 kwa matatizo ya fedha. Ukubwa wa mmoja na udhaifu wa mwingine haukubadilisha kilichotokea Desemba 2016: siku ile, mbele ya sheria, chuo kilikuwa kimetangulia, na timu ya Dola 500 milioni ililazimika kujieleza.